Abiria wa Siti ya Nyuma

Sehemu ya nne: Katamka

Sumbawanga nzima, kuanzia Kizwite hadi stendi, hakuna anayejua magari kama mimi Romani. Nifungeni kitambaa machoni, nisimamisheni mbele ya injini inayonguruma, nitawaambia ina umri gani, inakunywa kiasi gani, na kama mwenye nayo ni mchoyo wa oili. Na hayo mambo ya mizimu, ambayo watu wa mikoa mingine wakisikia tu jina la mji wetu wanageuka kutazama nyuma, mimi hayanihusu. Sijawahi kuogopa kitu kisicho na meno.

Hayo niliyasema kwa mdomo huu huu, mchana kweupe, watu wakisikia.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnakumbuka. Mitumba ilinitupa. Kazi ya utingo ilinitupa, tena ilinitupa kweli, kwenye kona, nikaangukia shamba la ulezi. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa kijiweni, nimejigamba mpaka Mzee Ngeleja akaja mwenyewe kunitafuta.

Mzee Ngeleja ni Msukuma, ana ng'ombe wengi kule chini bonde la Rukwa na nyumba mpya hapa Kizwite. Kauza maksai. Anataka gari dogo, na sababu yake ni moja tu: binti yake Mboje ni mjamzito na siku zake ziko karibu. Mimba ya kwanza mtoto alifia njiani, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kwa sababu bonde liko kule na hospitali iko huku juu. Safari hii mume wa Mboje kabaki na mifugo, na mzee kamleta binti mjini mapema.

"Kijana," aliniambia, "sitaki gari la kutamba. Nataka lisilokula sana, na lisilokataa kuamka. Asubuhi ya baridi nikiliita, liamke. Hilo tu."

"Mzee, umefika."

"Ukinichagulia zuri, utaliendesha wewe."

Leseni nilikuwa nayo. Ilikuwa ya halali kuliko mambo yangu mengi.

Tukaenda kwa Abuu. Tangu serikali iwafungulie watu biashara, mtu aliyekuwa anauza chumvi na viberiti kajikuta anauza magari, na Abuu alikuwa ameyapanga mawili nyuma ya duka la baba yake.

La kwanza lilikuwa Starlet ya kahawia. Rangi imebabuka, kiti cha dereva kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Abuu alipiga stata mara moja, likaitika kama mtoto aliyelelewa vizuri.

La pili lilikuwa jeupe. Sitataja ni la kampuni gani, maana kampuni haikuwa na kosa. Jeupe pee, redio ya kaseti, vitambaa vya kufuma kwenye siti.

Shamimu, mdogo wake Abuu, alikuwa amesimama mlangoni mwa duka.

"Romani, ukipata lile jeupe utanipitisha mbele ya soko?"

"Mpaka Matai, ukitaka."

"Na ukipata lile la kahawia?"

"Lile ni la kubebea mbolea."

"Basi ukija nalo usinijue."

Hapo ndipo nilipochagua gari, ndugu msomaji. Injini nilikuwa bado sijaifungua.

Mzee alikagua kama yuko mnadani. Alizunguka. Alipiga bodi ya lile jeupe kwa kiganja, akainama kutazama chini.

"Huyu kapakwa mafuta," akasema.

"Ni polishi, mzee," nikamwambia.

"Mnadani mtu akinipakia ng'ombe mafuta, mimi natazama chini ya mkia." Akasimama mbele ya lile la kahawia. "Huyu kaitwa mara moja kainuka. Mimi namtaka huyu."

"Mzee, hilo limechoka. Hili jeupe limetunzwa. Sikiliza linavyopumua."

"Basi yote mawili yakalale kwangu. Asubuhi nitajua."

Abuu akacheka. "Mzee wangu, gari haliendi kulala kwa mteja. Kuna watu wanasubiri."

"Ng'ombe analala zizini kwangu kabla sijalipa."

"Gari si ng'ombe, mzee," nikasema mimi, mtaalamu.

Mzee akamgeukia Abuu. "Hili jeupe limetoka zizi la nani?"

Abuu akakuna shingo. "La Mwalimu Shedrack, wa Matai. Marehemu. Kaka yake ndiye kaniuzia."

"Mjane yupo?"

"Yupo."

"Katamka?"

Abuu hakuelewa, na mimi pia. Mzee akatueleza taratibu, kama anavyowaeleza watu wa mjini mambo yote. Kwao mnyama wa marehemu haingii zizi la mtu mpaka mjane atamke kwa kinywa chake kwamba kamwachia. Asipotamka, marehemu bado anamshika kamba.

"Kijana, nenda Matai. Muulize. Akitamka, nalichukua hilo lako. Asipotamka, nachukua la kahawia."

Nilipanda lori la mahindi nikaenda.

Mjane mwenyewe, Mama Kristiana, nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Mama wa makamo, mpole, kajifunga kanga nyeusi. Nikasalimia, nikatoa pole, nikaeleza habari ya gari. Aliendelea kuchambua.

"Jeupe?"

"Ndiyo, mama."

"Linawaka?"

"Linawaka vizuri kabisa. Mchana huu huu nimelisikia."

"Mchana," akasema. Akatupa jiwe pembeni. "Mume wangu alishikwa na kifua mwezi wa sita. Kumekucha, umande umelala, nikamwingiza siti ya nyuma, upande wa kushoto. Shemeji yangu akashika ufunguo. Likagoma. Akapiga, likagoma. Mwalimu alikuwa anafuta kioo kwa mkono ili aone kama tumeanza kwenda. Ananiuliza, Kristiana, tumefika wapi? Namwambia, tunaenda, baba, tunaenda. Tulikuwa hapo ulipoweka miguu."

Nikasogeza miguu.

"Alikata roho humo humo, anauliza. Jua lilipotoka, gari likawaka lenyewe kwa stata moja."

"Pole sana, mama."

"Shemeji kaliuza sijaulizwa. Mimi sijatamka, na sitatamka kupitia kwa mtu. Huyo mzee wako anataka kumbeba nani?"

"Binti yake. Ni mjamzito."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Mwambie aje mwenyewe. Nitamwambia la kufanya. Na kabla hajaja, binti asikae nyuma. Umenisikia, mwanangu? Mwambie kama nilivyosema."

"Nimesikia, mama."

Nilikuwa nimesikia. Masikio yangu hayana kasoro.

Njiani nikirudi nilijiambia huyu mama ana majonzi, na majonzi hayana uhusiano na plagi. Betri ikibadilishwa mambo yamekwisha. Kisha nikamkumbuka Shamimu, nikalikumbuka lile la kahawia.

Mzee alikuwa ananisubiri kibarazani.

"Katamka?"

"Katamka, mzee."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake. Kasema mlichukue kwa heri, na binti ajifungue salama."

Ile ya binti niliiongeza mwenyewe. Nikianza kudanganya vizuri huwa natamani kupamba.

Mzee alivua kofia. Macho yake yalilowa. "Mjane kumwombea heri mtoto wa mtu asiyemjua. Mtu wa namna hiyo haachwi hivi hivi."

Nikadhani ni maneno tu ya mzee.

Basi likaja jeupe Kizwite, mimi kwenye usukani, kiwiko nje ya dirisha, redio inaimba. Mchana lilikwenda kama maji. Nikampitia Shamimu dukani. Akapanda mbele, kajipulizia manukato, tukakata mbele ya soko watu wakitazama.

"Mambo, bosi?" akanitania.

"Poa tu."

Tukaenda kidogo. Akanyoosha mkono akapunguza redio.

"Unafanya nini? Hapo ndipo panapokolea."

"Kuna mtu anakohoa."

"Wapi?"

"Nyuma."

Nikatazama kwenye kioo cha dereva. Siti tupu. Vitambaa vya kufuma vimenyooka, isipokuwa upande wa kushoto, pale kilikuwa kimekunjamana kama vile mtu kakikalia.

"Ni ekzosi," nikamwambia.

"Ekzosi inasema hodi?"

Akashuka sokoni. Tangu siku hiyo nikipita anainamia mizani kana kwamba inahitaji msaada wake. Gari nililolichukua kwa ajili yake likawa limebaki langu mimi na huyo mwingine.

Mzee alinipa chumba cha uani kwake, na asubuhi ndiyo ilikuwa shida. Mnaijua baridi ya Ufipa mwezi wa saba, mtu anaongea na maneno yake anayaona. Siku ya kwanza nilipiga stata likanung'unika tu, nikapiga tena likanyamaza. Bahati yangu nilikuwa nimeliegesha juu, kwenye mteremko unaoshukia barabarani. Nikaachia breki, nikatia gia ya pili, likashuka, likashtuka, likawaka. Nikabadilisha betri, nikasafisha plagi. Kesho yake likanung'unika vile vile.

Ikawa ndiyo desturi yangu. Naliegesha mteremkoni, naamka kabla ya watu, nalishusha, nalipasha moto, narudi nalo nyumbani likinguruma. Mzee akifungua mlango analikuta macho.

"Kijana, mbona unalilaza kwenye mteremko kila siku?"

"Likilala limeinama mbele, mzee, oili inapumzika. Ndivyo wataalamu wanavyofanya."

"Aa," akasema, na akaamini. Aliponiamini ndipo nilipoanza kukosa usingizi.

Kwa sababu kulikuwa na kile kioo. Kila nilipolifungua asubuhi, vioo vyote vilikuwa na umande kwa nje, kama vya gari lolote. Kioo cha nyuma kushoto kilikuwa na mvuke kwa ndani. Mvuke wa pumzi. Na katikati ya mvuke kulikuwa na duara lililofutwa kwa kiganja, kama mtu aliyetaka kuona tumefika wapi.

Nilikuwa nakifuta kwa shati langu na kupiga mluzi. Nilijitania: Romani, abiria huyu halipi nauli, lakini angalau hapigi kelele. Utani wangu wenyewe ulinikataa. Nikaanza kufuta bila kutazama.

Mboje nilimpeleka kliniki mara kadhaa, daima jua likiwa limepanda. Maneno ya mjane nilikuwa nayo kichwani, nikamwambia akae mbele. Akakaa mbele mpaka tumbo likamkatalia.

"Kaka Romani, mbele pananibana. Nitakaa nyuma."

"Vumilia kidogo, dada."

"Unavumilia wewe? Umebeba nini?"

Akaingia nyuma. Akashusha pumzi, akapapasa siti.

"Hapa pana joto."

"Ni jua."

"Upande huu hauna jua." Akasogea kulia, akakusanya kanga yake. "Haya, nimempisha. Aliyekaa na aendelee kukaa."

Alisema hivyo akitabasamu kwangu kwenye kioo. Mimi nilikaza macho barabarani.

Nilitaka kumwambia mzee, na nilifika mpaka kwenye zizi la ndama nyuma ya nyumba. Nikamkuta anamchagua mtamba mmoja mwekundu, anampapasa mgongo.

"Nini, mwanangu?"

Alianza kuniita mwanangu wiki hiyo.

"Nilikuja kukuuliza kama tuongeze mafuta, mzee."

"Ongeza. Siku zimekaribia."

Basi nikaongeza mafuta.

Jumapili nilikwenda kumsalimia mama yangu, nikarudi jioni, gari sikuliona mteremkoni. Lilikuwa mlangoni kabisa, kwenye sakafu tambarare ya ua, pua imeelekea ukutani.

"Nimewaomba majirani wakalisukuma," mzee akaniambia, kafurahi. "Mboje asikanyage umande akizidiwa. Anatoka mlangoni, anaingia."

"Mzee, lile ni la mteremkoni."

"Oili itapumzika kesho."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kuliwasha pale pale, injini bado ina joto la mchana, nikalirudisha juu. Lakini ningesema nini? Nikasema moyoni, mtu hajifungui kesho tu kwa kunikomoa mimi.

Kulipopambazuka, mzee aligonga mlango wangu.

"Kijana. Muda umefika."

Ukungu ulikuwa umekaa uani kama mgeni asiyejua kuaga. Mboje alitoka akiwa ameshika ukuta, kauma pindo la kanga. Hakulia. Aliingia nyuma, akajaribu kukaa kulia, uchungu ukamtupa kushoto.

Nikatia ufunguo. Likanung'unika.

"Lina baridi," nikasema.

Nikapiga tena. Likanung'unika kidogo zaidi. Nikapiga tena. Likatoa mlio mmoja mkavu, likanyamaza.

"Liite tena," mzee akasema kwa utulivu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, kashika fimbo yake ya kuchungia, sijui kwa nini aliichukua. "Kila asubuhi linaamka. Liite."

Nikashuka. Majirani wakatoka, tukalisukuma kurudi nyuma, tukalisukuma kwenda mbele. Ua ni mdogo na matairi yanateleza kwenye umande. Likakohoa, likafa. Mboje akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu.

"Mwiteni mwenye lori," mzee akamwambia jirani mmoja, naye akakimbia. Kisha akaniinamia. "Mwanangu, niambie ukweli. Lina nini?"

"Baridi tu, mzee. Jana na juzi limewaka lenyewe. Hata mimi nashangaa."

Hapo geti likasukumwa.

Aliingia mama mmoja, kajifunga kanga nyeusi, na kikapu mkononi. Alisimama kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua. Alikuwa anausikia ule mlio wa stata, maana nilikuwa nimerudi kwenye ufunguo na kuupiga tena bila akili.

Nilimtambua kabla hajainua uso.

Mzee akamwendea kwa mikono miwili. "Mama Kristiana, karibu, karibu. Samahani, umetukuta katika shida. Nilimpa dereva wa lori salamu zako akuletee Matai. Sikutaka siku zipite sijakushukuru. Kwetu mjane akitamka, anapewa mtamba. Wako yule pale, mwekundu."

Mama Kristiana alimtazama mtamba, akamtazama mzee.

"Shikamoo, baba. Dereva aliniambia unaniita, nikalala stendi kungoja kukuche. Nilijua nimeitwa kuja kuulizwa."

"Kuulizwa nini tena, mama? Ulishatamka."

"Nilitamka nini?"

Mzee akanigeukia. Majirani waliacha kupumulia mikono yao. Nilikuwa bado nimeshika ufunguo, na ufunguo ulikuwa wa baridi kama kitu kilichotolewa mtoni.

Mama Kristiana akaja mpaka kwenye gari. Hakunijali. Alisimama kwenye dirisha la nyuma kushoto. Kioo kilikuwa cheupe kwa mvuke wa ndani, na Mboje alikuwa amejivuta tena upande wa kulia, ameinamia magoti yake, uso mbali na kioo. Katikati ya mvuke, taratibu, duara likaanza kufutika.

Nililiona. Mzee pia aliliona, nilijua kwa jinsi fimbo ilivyomponyoka.

"Kijana," mama Kristiana akaniambia, sauti yake ya upole ile ile ya kwenye maharage. "Mwambie baba yako maneno niliyokupa. Yote, kama nilivyoyasema. Na uanze na lile la siti."

"Romani." Mzee hakuniita mwanangu. "Uliniambia kwa kinywa chake."

Nyuma yangu Mboje aliinua kichwa, jasho linamtiririka kwenye baridi ile.

"Semeni upesi," akasema. "Huyu ananiuliza tumefika wapi, na kanishika mkono."